Kurasa Kumi na Sita Zilizopakana

Siku ya tisa. Daima siku ya tisa
mashine ya kliniki ya Oli husahau njia ya hewani.
Taa ya waifai hupepesa mara mbili, kisha kimya,
na Sista Eyotaru hunipigia bila salamu:
"Candiru, jiko lako limekufa tena."
Huliita jiko kwa kuwa hupata moto
na kwa kuwa, asema, halijawahi kuivisha kitu.

Dawa yake anayo: huchomoa waya ukutani,
huhesabu hadi thelathini kwa Kilugbara, huchomeka.
Jiko laamka. Majibu ya damu yashika njia ya Kampala
kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini mimi nimelipwa nijue kwa nini,
laki mbili na nauli ya boda.
Nimekalia kreti ya soda chini ya rafu ya chanjo,
nasoma daftari la mashine mstari kwa mstari,
mvua ya Arua ikitwanga mabati.

Hapa. Saa tisa na dakika sita usiku.
Dereva wa kadi (si wa lori, huyu ni maandishi tu)
ameomba kurasa kumi na sita za kumbukumbu,
zilizopakana, zisizo na mtu katikati.
Ameambiwa: hakuna.
Hakubembeleza. Aliandika *imeshindikana*
akazima redio.

Shuka mistari minne ukute hesabu:
kurasa zilizo wazi, elfu tatu mia mbili na kumi.
Elfu tatu! Nacheka peke yangu, Sista anikata jicho.
Nafasi ipo. Haikushikana tu.
Hapa moja, kule mbili, pale moja tena,
kama viti vilivyosalia kanisani Ediofe siku ya Pasaka:
utapata pa kukaa wewe,
hutapata pa kukaa na ukoo wako.

Nilimtafuta mwizi, sikumwona.
Saa iliomba kidogo, printa kidogo,
orodha ya dawa ikaomba, ikarudisha, ikaomba.
Kila mmoja aliomba kwa adabu.

Kule Vurra tulikuwa na ekari saba.
Ondoma akauza sehemu yake kwa wachoma matofali,
Adriko akazungushia yake senyenge
hata matanga ya baba hayajaanuliwa,
mimi nikapewa ukanda mwembamba kama mkanda wa suruali.
Shangazi alipofariki mwezi wa tano
tulitafuta pa kumlaza ubavuni mwa mumewe.
Ardhi ilikuwepo. Kila upande ulioelekea, ardhi.
Tukamzika ng'ambo ya barabara.

Sista ameleta chai. "Umepata?"
"Nimepata."
"Mbona basi umenuna?"

Zipo njia mbili.
Ya kwanza, mfundishe dereva kupokea ukurasa mmojammoja
popote ulipo, akiandika kando kila mmoja anakoishi.
Hiyo ndiyo niliyoitaka.
Lakini kadi hii ni kuukuu, haijui kuruka;
yataka uwanja mmoja au haitaki kitu.

Ya pili: amka kabla ya wote.
Umeme ukiingia, saa haijaomba, printa haijaomba,
shika kumi na sita zako.
Na ukienda kulala usizirudishe.

Nimeandika hivyo. Mistari kumi na mmoja,
na pembeni maelezo kwa atakayekuja baada yangu:
*usiachie, hata ukiombwa.*
Nikakisoma tena kidole kikiwa juu ya kitufe,
nikamwona Adriko na nyundo yake
na misumari mdomoni.
Nikabonyeza.

Siku ya tisa ikapita. Ya kumi.
Ya kumi na moja simu ikalia,
na safari hii alianza kwa salamu: "Mi ngoni?"
Akauliza habari za msiba, barabara, kaburi,
kama nyasi zimeshaota.
Nikamjibu yote.
Kisha akakohoa kidogo.
"Sasa," akasema, "ni printa."